Moyo wa Mama Yake

Kariakoo kunauzwa kila kitu, lakini Jumamosi ile Badria aliapa kwamba pazia jeusi halipo. Alikuwa amepanda Mtaa wa Congo, ameshuka Mchikichini, amepigwa vikumbo na wabeba mizigo, amekanyagwa mpaka kamba ya kiatu chake kipya ikafunguka. Kila duka lilimwonyesha mapazia yale yale yaliyoingia na makontena ya Guangzhou: ya maua, ya vipepeo, ya nyuzi za dhahabu. Mtandio wake wa zambarau ulikuwa umelowa shingoni. Jirani hapo katapila lilikuwa likiangusha nyumba ya zamani ili ghorofa lipande, na vumbi likamfuata mpaka ndani ya duka la kona lililoandikwa kwa rangi iliyochujuka: TULSIDAS NA WANAWE, VITAMBAA.

"Karibu dada. Mambo?"

"Si poa hata kidogo," Badria akajibu. "Una kitambaa kizito cheusi cha pazia? Kisichopitisha mwanga. Ukinitolea cha maua nitalia hapa hapa."

Kijana aliyekuwa nyuma ya meza akacheka. Alikuwa Mhindi mrefu, shati la kitani la bluu limekunjwa mikono, ndevu zimechongwa vizuri, mkasi unaning'inia shingoni kwa utepe.

"Mtu anayetaka kuzima mwanga wote namna hiyo, ama anasafisha picha, ama anaficha mtu."

"Natazama mioyo ya watu."

"Kumbe mganga!"

"Daktari! Nina mashine ya altrasaundi ya moyo. Chumba chenyewe dirisha linatazama magharibi. Ikifika mchana jua linapiga kwenye kioo, sioni kitu. Nimeomba pazia, nikaambiwa nisubiri bajeti ya mwakani."

"Na wagonjwa nao waambiwe mioyo isubiri bajeti?" Kijana akapanda ngazi hadi rafu ya juu kabisa, akavuta jora lililojaa vumbi, akalitupa mezani. Likatua kwa kishindo. "Hiki mzee alikiagiza kwa ajili ya jumba moja la sinema. Kabla hakijafika, sinema ikawa kanisa. Gusa."

Badria akagusa. Kilikuwa kizito kama blanketi la jeshi. Akakiinua kuelekea mlangoni, jua likapotea.

"Ndicho," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Yule kijana akaushika mkasi wake, akausahau mkononi. "Mimi naitwa Tejas. Kukata nitakata, lakini kukitundika hutaweza peke yako. Nitakuja na fundi."

Jumatatu alikuja, fundi hakuja naye. Alisimama juu ya stuli akipigilia misumari huku Badria amemshikia miguu ya stuli, na walipolishusha pazia chumba kikawa giza tupu. Badria akawasha mashine.

"Sasa nionyeshe inavyofanya kazi," Tejas akasema.

"Lala hapo. Vua shati. Usicheke, picha inacheza."

Ukatokea moyo wake pale kwenye kioo, wa kijivu, unadunda mbio.

"Una mapigo ya haraka, bwana. Unaumwa?"

"Sijui, daktari. Umenianza Jumamosi."

*

Tangu hapo simu ya Badria haikutulia. Tejas alipiga akiwa dukani, akiwa kwenye foleni ya Uhuru, akiwa ghorofani kwao Kisutu amejifungia bafuni bomba limefunguliwa ili dada yake Bijal asisikie.

"Umekula, daktari wangu?"

"Nimekula. Na wewe mla majani?"

"Dhihaka tu! Juzi Magogoni nani alimaliza mihogo yote?"

"Wewe, laazizi. Mimi nilikuwa na ngisi wangu, wewe unageuza uso kama nakula jirani yako."

Walipenda kwenda Magogoni Jumapili mchana, kwa sababu pale kila mtu anakimbilia kivuko na hakuna anayemtazama mwenzake. Yeye binti wa marehemu Bushiri wa Mtaa wa Swahili, watu wa pwani waliozikana makaburi yale yale tangu enzi za mababu; huyu mtoto wa Tulsidas, ambaye kila Jumatatu mama yake alimpeleka hekaluni hata alipokuwa na ndevu. Kwao wote wawili hakuna aliyejua. Kila walipoagana Badria aliondoka na hamu, na nyuma ya hamu wasiwasi, kama mtu aliyetoka nyumbani hakumbuki kama amezima jiko.

"Tutafanyaje, Tejas?"

"Tutafanya. Nipe muda nimwingie mama."

Kabla hajamwingia, mama mwenyewe akaanza kupumua vibaya. Ngazi za Kisutu alizozipanda miaka yote akawa anazipumzikia kila ghorofa, na usiku analala ameketi. Tejas akamleta kwa Badria, mama wa watu, Urmila, mwanamke mnene mwenye sari ya pamba ya kijani na bangili zilizojaa mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Fanya upesi, nimeacha dengu zinalowa."

Badria alimlaza ubavu, akaweka kipimo kifuani, akatazama. Alitazama kwa muda. Moja ya vali za moyo, zile zinazofunguka na kujifunga kama mlango kuruhusu damu kupita, ilikuwa imekakamaa mpaka imebaki upenyo mdogo tu. Ilikuwa homa ya utotoni, akawaeleza, ile ya koo na viungo. Ilipona ikaacha kovu, na kovu limekuwa likikaza miaka yote hiyo. Dawa zingesaidia kidogo. Dawa yenyewe ni upasuaji, kuweka vali mpya ya chuma.

"India," Bijal alisema walipokutana familia nzima.

"India kwa nani?" Urmila akajibu. "Mimi nimezaliwa Mtaa wa Kisutu, watoto nimezalia hapa hapa. Wanapasua moyo hapa Dar siku hizi au hawapasui?"

"Wanapasua mama, lakini wameanza juzi tu."

"Basi na mimi niwe wa juzi."

Jioni ile Tejas alipiga simu. "Badria, niahidi kitu kimoja. Usiingie mle ndani. Aingie mwingine. Likitokea lolote, sitaki jina lako liwe katikati yangu na mama."

"Hata mimi sitaki," Badria akasema, na alimaanisha. "Kipimo cha moyo mle thieta atashika Wilbert. Yeye na mimi tulisoma pamoja Chennai, kazi hiyo anaijua. Mimi nitakaa nje nawe."

"Unaahidi?"

"Naahidi, mpenzi."

*

Asubuhi ya upasuaji Wilbert hakuweza hata kusimama. Malaria ilikuwa imempiga usiku, anatapika, macho ya njano. Na Urmila alikuwa ameshalazwa siku kadhaa, mapafu yamejaa maji, kila siku afadhali ya jana. Kumrudisha wodini ilikuwa kumpeleka kuzimu.

"Ingia wewe," Dokta Pius, mpasuaji, akamwambia Badria mlangoni mwa thieta. Alikuwa mtu mfupi, mpole, anayeongea kama anahesabu maneno.

"Dokta, kuna jambo. Yule mama… mwanawe ni mtu wangu."

Pius akamtazama. "Mtu wako kivipi?"

"Hivyo hivyo unavyodhani."

"Familia wanajua?"

"Hawajui. Na nilimwahidi mwanawe sitaingia."

"Hakuna mwingine mji huu mzima anayeweza kusoma kipimo kile leo. Tukimwahirisha, unajua kitakachotokea. Naweza kufungua bila macho, lakini sipendi. Mkono wako unatetemeka?"

Badria akainua mkono. Ulikuwa umetulia.

Alimpigia Tejas. Simu imezimwa, alikuwa hekaluni na baba yake, na mle simu haziwashwi. Akapiga tena, akapiga mara ya tatu akivaa kofia ya kijani. Akamwachia Candida, muuguzi wa usingizi, amshikie simu sikioni mpaka mlangoni, bado imezimwa. Basi akaingia.

Kipimo chenyewe ni mrija mweusi unaopitishwa kooni mgonjwa akishalala kwa dawa, ncha yake inafika nyuma ya moyo kabisa na kuutazama kutoka karibu. Badria alikaa kichwani pa Urmila. Bangili zilikuwa zimevuliwa, zimeacha michirizi myeupe kwenye mkono. Pius akafungua kifua, mashine ya moyo na mapafu ikachukua kazi ya kusukuma damu, moyo ukasimamishwa, vali mbovu ikakatwa, mpya ikashonwa pande zote. Kazi ilikwenda kama maji. Moyo ulipowashwa tena ukapiga wenyewe, na thieta nzima ikashusha pumzi.

"Safi?" Pius akauliza.

"Vali inafunguka. Inajifunga. Vibawa vyote viwili vinacheza."

"Tunatoka kwenye mashine."

"Nipe dakika, dokta."

Mashine ikasimama, moyo ukabaki na kazi yake, lakini Badria alikuwa amebonyeza kitufe cha rangi. Kwenye kioo damu inayokwenda huwa na rangi moja na inayorudi nyuma huwa na nyingine, na pale vali ilipojifunga alikuwa ameona vijimwali viwili vyembamba vya damu katikati. Hivyo havikumshtua. Aliposogeza jicho la kipimo, kikatokea cha tatu, pembeni, chembamba kama uzi, kikapotea.

"Kuna kitu kinavuja."

"Vali za chuma zote huvuja kidogo," Pius akasema bila kuinua kichwa. "Ndivyo zinavyojisafisha. Unalijua hilo."

"Nalijua. Viwili vya katikati ni vya kawaida. Nasema cha tatu."

"Kinatokea wapi? Ndani ya mshono au nje yake?"

Hapo ndipo palipokuwa na mambo yote. Kama ni ndani, ni pumzi ya kawaida ya vali, wafunge kifua waende wakale. Kama ni nje, basi mahali fulani vali imeachana na moyo, na damu inapenya palipopasuliwa kwa kila pigo.

Badria akazungusha. Kile kimwali hakikuonekana. Akazungusha tena, kikaja, kikakaa pale pale mpakani ambapo mtu akitaka atasema ndani na akitaka atasema nje. Jasho likamtoka mgongoni. Akasikia sauti kichwani mwake ikimuuliza: unakiona kwa sababu kipo, au kwa sababu unamwogopea huyu mama? Angekuwa mgonjwa mwingine, ungekuwa umeshasema safi? Akataka sana kusema safi. Mdomo ulikuwa tayari.

"Candida, pandisha presha yake kidogo. Taratibu."

Presha ikapanda. Badria akaanza upya, kana kwamba hajaona kitu. Akatazama upande huu, akageuza, upande ule, akarudi. Kimwali kikawa kinene. Akakifuata kurudi nyuma mpaka kwenye shina lake, pembe moja, pembe ya pili, pembe ya tatu, na kila pembe shina lilikuwa mahali pamoja.

"Nje," akasema.

"Una uhakika?"

"Wa mahali, ndiyo. Ukubwa wake sikuapii. Presha ikipanda zaidi huenda kikakua."

Pius akaweka koleo lake chini. Waliokuwa wameanza kuhesabu pamba ili kifua kifungwe wakaacha hesabu. "Nikimrudisha kwenye mashine, moyo huu umechoka, Badria. Huenda usiamke mara ya pili."

"Najua, dokta."

"Na tukikiacha?"

"Ataamka vizuri. Kisha damu itakuwa inasagika pale kila siku. Atarudi kwetu amepauka, hana pumzi, na mshono umeachia zaidi."

Yeye hakuwa mwenye kuamua. Lakini maamuzi yote yalikuwa yamesimama juu ya neno lake. Pius akavuta pumzi.

"Turudi kwenye mashine."

Walipoufungua tena moyo, Pius aliinama kwa muda mrefu, kisha akapitisha ncha ya koleo taratibu kando ya vali. Ikazama. Nyama pale ilikuwa laini kama karatasi iliyolowa, uzi mmoja ulikuwa umeikata ukalegea.

"Nje," akasema. Hakusema zaidi.

Akashona, akatia viraka vidogo vya kushikilia nyuzi. Badria alipotazama mara ya mwisho ule mwali haukuwapo. Lakini moyo, kama Pius alivyohofu, uliamka kwa shida. Ulipiga, ukasita, ukapiga. Walimtoa Urmila thieta jioni akiwa kwenye mashine ya kupumulia, dawa za kuushika moyo zikitiririka kwenye mirija, na hakuna aliyethubutu kusema atazinduka lini.

*

Pius ndiye aliyezungumza na familia. Hakuficha kitu, maana hakukuwa na cha kuficha: vali imewekwa, mwenzangu Dokta Badria akaona uvujaji, tukarudi ndani, tukaurekebisha, moyo umechoka.

Tejas alimkuta Badria kwenye varanda ya nyuma, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kofia ya kijani bado kichwani. Alikuwa amevaa shati jeupe la hekaluni, doa jekundu bado liko kwenye paji la uso.

"Uliingia."

"Wilbert anaumwa. Nilikupigia, Tejas. Nilikupigia mara tatu."

"Uliahidi."

"Kulikuwa hakuna mtu mwingine. Mama asingeweza kusubiri."

"Na wewe ndiye uliyesema wamfungue tena?"

"Mimi ndiye."

Tejas alizunguka pale varandani, akaenda, akarudi. "Alikuwa ameshatoka, Badria. Moyo unapiga. Daktari mwenyewe amesema ulikuwa unapiga! Niambie kweli. Angekuwa mama wa mtu mwingine, ungeona ulichoona?"

Lilikuwa swali lile lile lililomtoa jasho thieta. Badria alifungua mdomo kusema tundu lilikuwapo, koleo limezama, muulize Pius. Lakini aliulizwa jambo jingine.

"Sijui," akasema.

Uso wa Tejas ukafunga. "Hujui."

"Tejas, nisikilize…"

"Mama yangu amelala mle kama gogo, na wewe hujui." Akageuka, akaondoka, akimwacha na sauti ya viatu vyake vikishuka ngazi.

*

Siku zilizofuata Badria hakukalika. Alimwangalia Urmila asubuhi na mchana, akijua saa ambazo Tejas hayupo. Akitoka kazini haendi nyumbani, anatembea. Aliteremka Jangwani kwenye matope ya mvua ya juzi, akapanda Msimbazi, akasimama kwenye maduka ya simu asinunue kitu. Simu yake aliitoa mkobani, akairudisha, akaitoa. Ujumbe aliuandika akaufuta. Alipopiga mara moja, Bijal, ambaye sasa alikwisha kuelewa, ndiye aliyepokea: "Dada, tunakuomba, tuachie kaka yetu apumue."

"Una nini wewe?" mama yake, Zamda, alimuuliza akimwona anachezea ubwabwa sahanini. "Unaenda huku na huku kama kuku anayetaka kutaga."

"Kazi, mama."

"Kazi," Zamda akarudia, kwa sauti ya mtu asiyedanganyika kirahisi.

Wilbert aliporudi, amekonda, Badria alimfungia kwenye chumba cha giza na kumchezeshea picha zote za siku ile tangu mwanzo. "Niambie ungesema nini. Usinipendelee."

Wilbert alitazama, akaomba irudiwe, akatazama tena.

"Mara ya kwanza? Ningesema ndani."

Badria akanyoosha mkono kuzima mashine.

"Ningesema ndani, nikazima, nikaenda kula," Wilbert akaendelea. "Maana nisingerudi kutazama mara zote hizi. Angalia hapa umegeuza, hapa umegeuza tena, hapa ukaomba presha. Hapa ndipo tundu linapojitokeza, na hapa hata kipofu angeliona. Hukulibuni, Badria. Ulilitafuta tu kuliko ambavyo mimi ningelitafuta."

Kwa hiyo hilo ndilo lilikuwa jibu, na halikuwa la kumfurahisha kabisa. Hofu haikumwonyesha kisichokuwapo. Ilimfanya asichoke mapema. Na wale wengine wote aliokwisha kuwatazama, mama za watu wengine, aliwachokea wapi?

Urmila alifumbua macho Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Siku mbili baadaye, mrija umetolewa, neno lake la kwanza kwa Badria lilikuwa lawama.

"Daktari, mmenitia saa ya ukutani. Inagonga tik, tik, tik, silali."

"Ndiyo vali yako, mama. Ikigonga ujue inafanya kazi. Utaizoea."

"Hm." Urmila akamtazama kwa macho yaliyozama lakini makali. "Mwanangu hali. Anakuja, anakaa hapo, anatazama mlango. Ukiingia wewe hayupo, akija yeye wewe hupo. Mimi nilidungwa dawa, sikutiwa upofu."

Badria akainamisha kichwa, akajifanya anasoma mapigo.

"Dokta Pius ameniambia vilivyokuwa. Nimemwambia Tejas: huyo msichana angenyamaza, leo mngenipokea nyumbani kwa maua, na mwakani mngenipeleka kuchomwa. Amelia kama mtoto." Akapumzika kidogo. "Sasa usinielewe vibaya. Sijasema nimefurahi. Mimi nilikuwa na msichana wangu wa Arusha nimeshamchagua, mzuri, anapika. Nimekwambia tu kwamba hali."

*

Jumapili iliyofuata Badria alikuwa Msimbazi, kilo ya vitunguu mkononi, simu ilipolia. Jina la Tejas. Nusura vitunguu vimwagike.

"Haloo?"

"Daktari," Tejas akasema. "Uko wapi?"

"Sokoni. Wewe uko wapi?"

"Kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Kwenu. Mtaa wa Swahili. Mama yako amenifukuza, halafu akaniita nirudi nimalize chai."

Hakumbuki alivyofika. Anachokumbuka ni kwamba alikata katikati ya wauza mitumba, akaitwa "dada, dada, jinzi!", akaruka mfereji, mtandio umeteleza mabegani, na alipoingia uani alimkuta Tejas ameketi kwenye kigoda kifupi magoti yamefika kidevuni, shati la bluu limepigwa pasi, kikombe mkononi. Zamda alikuwa mbele yake, khanga kiunoni, anachambua maharage kwenye ungo kana kwamba kijana yule ni mchanga uliochanganyika nayo.

"Amenieleza yote," Zamda akasema bila salamu. "Mpaka alivyokufokea. Hilo ndilo nililomfukuzia."

Tejas akasimama. "Nimekuja kukuomba msamaha mbele ya mama yako, kwa sababu nilikukosea nyuma ya mgongo wa kila mtu. Niliogopa, nikatafuta wa kumtupia."

"Uliniuliza swali," Badria akasema, bado anahema. "Nimepata jibu lake. Unalitaka?"

"Sina haki nalo."

"Utalisikia. Angekuwa mama wa mtu mwingine, tundu lingekuwapo vile vile. Lakini mimi huenda ningetazama mara mbili nikaridhika. Kwa mama yako sikuridhika. Hilo linanitia aibu, Tejas, sikufichi. Tangu siku ile kila anayelala kwenye kitanda changu namtazama kama mama yako. Nachelewa, foleni inanitukana."

Tejas akaweka kikombe chini. Akataka kumshika mkono, akakumbuka aliko, mkono ukabaki hewani.

"Baba hasemi nami tangu jana," akasema. "Bijal analia. Mama amesema atakuja kwenye harusi kama ngazi ni chache. Sina cha kukuahidi isipokuwa mimi mwenyewe. Wewe baki na dini yako, mimi na yangu, twende bomani kwa Mkuu wa Wilaya watuandike. Badria binti Bushiri, utakubali niwe mumeo?"

Jirani akazima redio. Badria akamgeukia mama yake.

"Usinitazame mimi," Zamda akasema, akipeta maharage kwa nguvu. "Baba yako angekuwa hai ningejua la kusema. Wajomba zako watakuja juu, watakaa hapa wiki nzima wanakula mchele wangu. Lakini huyu amekuja mlangoni mchana kweupe, peke yake, akanywa chai yangu isiyo na sukari akaisifu. Mjibu mtoto wa watu. Nina maharage ya kuinjika."

Badria akaweka vitunguu chini. Miguu iliyokuwa ikimzungusha mji mzima akaikunja, akakaa pale pale juu ya kizingiti.

"Ndiyo," akasema. "Ila Jumatatu nina wagonjwa wawili wa kupasuliwa. Twende tukajiandikishe Jumanne."

"Jumanne," Tejas akasema.

"Jumanne na mimi nakuja," Zamda akasema, akainuka na ungo wake kuelekea jikoni. "Siwezi kukubali mwanangu aolewe mbele ya mashahidi wa kuokota."